Motokaa ya Efraimu Inapumzika

Njombe,
19 Juni 1955

Mdogo wangu Ema,

Kamwene. Nakuandikia nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji yangu Anania, pamoja na Mama yetu, ambaye mimi mwenyewe nilimleta kwako siku za Pasaka, kwa motokaa, kama Makambako nzima ilivyojionea. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali. Asubuhi umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi kama mtu amemwaga chumvi. Mke wangu Kristina anakusalimu. Binti yetu Fidelia amechaguliwa kuimba sauti ya kwanza katika kwaya ya shule. Duka linakwenda, ila khanga za njano nilizoagiza zimenikalia, hakuna anayezitaka.

Sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia ilifana. Nilialikwa Bomani pamoja na wakubwa wa mji, na katika Waafrika wote ni mimi peke yangu niliyefika kwa motokaa yangu. Palikuwa na gwaride, palikuwa na hotuba, palikuwa na maji ya limau ya chupa. Mambo mengine ya siku ile si ya kuandika.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Niliahidi kumfuata Mama mavuno yakiisha. Naomba umwambie avumilie kidogo, kwa sababu motokaa inapumzika. Imefanya kazi nyingi, na wanaojua mambo hayo wanashauri kwamba chombo cha namna ile kipewe mapumziko, kama maofisa wa Kizungu wanavyopewa likizo ya kwenda kwao. Likizo yake ikiisha nitakuja mara moja.

Usimweleze Mama mambo marefu. Mwambie tu inapumzika.

Ndimi kaka yako,
Efraimu


Makambako,
12 Julai 1955

Kaka Efraimu,

Kamwene nawe. Barua yako imefika na nimemsomea Mama kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nimeruka mahali. Hatujambo. Anania anakusalimu sana. Hoteli yetu haikosi watu. Malori ya Mbeya na ya Iringa yanasimama hapa mlangoni, madereva wanakula ugali na maharage, na wakishashiba wanatupa habari za nchi nzima. Miguu ya Mama imepungua uvimbe. Sasa anatoka mwenyewe mpaka kisimani na kurudi.

Ila nikueleze jinsi anavyongoja. Mzigo wake ameufunga tangu mwisho wa Mei. Kila Jumamosi anavaa gauni la kanisani, anaweka kigoda mbele ya hoteli, anakaa anaangalia barabara ya Njombe. Wapita njia wakimsalimu anawaambia, "Namngoja mwanangu. Ana motokaa." Juzi Kristofa, yule dereva wa lori la magome ya miti ya miwati, alimwambia, "Mama, kesho nakwenda Njombe, panda, nitakuweka mbele kwangu." Mama akamjibu, "Baba, nilitoka Njombe nimekaa kwenye kiti laini, watu wakiniona. Nirudi nikinuka magome?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Kristofa huyo anasema mlingoti wa bendera pale Bomani kwenu ni mpya, bado unanuka rangi. Ule wa zamani umepatwa na nini, Kaka? Ni mchwa? Wewe ulikuwepo kwenye sherehe, labda uliona.

Msalimie wifi yangu Kristina.

Dada yako,
Ema


Njombe,
21 Agosti 1955

Mdogo wangu Ema,

Salamu kwako na kwa nyumba yako yote. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya kazi, usinifikirie vibaya. Hatujambo, isipokuwa Kristina ana kikohozi, na viatu vyangu vyeusi vimeliwa kisigino. Fundi viatu amekuwa rafiki yangu ghafla. Ananisalimu kwa heshima ambayo zamani alikuwa akimwekea mchungaji.

Kuhusu mlingoti, mambo ya Serikali mimi siyajui. Miti ni miti.

Kuhusu motokaa, kuna chuma fulani kinachongojwa kutoka Dar es Salaam. Ni kidogo sana, huwezi hata kukiona ukikidondosha kwenye majani, lakini bila hicho hapana safari. Wakati tunangoja, tumejifunza kuishi kwa namna nyingine. Nakueleza ili ujue kwamba hatujashuka hadhi.

Kanisa, kama unavyojua, liko ng'ambo tu ya uwanja. Nikikumbuka vizuri, kuiwasha motokaa asubuhi ya baridi kulichukua muda mrefu kuliko kwenda kanisani kwa miguu, na mara nyingine waumini walikuwa wamefika kwenye mahubiri sisi bado tunasukuma. Hata hivyo, Kristina aliona haifai mke wa mwenye motokaa kuonekana barabarani akitembea na watu. Kwa hiyo Jumapili za kwanza tulijifungia ndani mpaka tusikie wimbo wa kuanza, ndipo tukapita nyuma, katikati ya mashamba ya miwati, tukaingia kwa mlango wa pembeni na kukaa benchi la mwisho. Fidelia alikuwa na mbegu za nyasi kwenye soksi. Jumapili ya tatu mchungaji alitutaja mimbarini. Alisema, "Tazameni familia ya Efraimu. Wana uwezo, lakini wamechagua viti vya nyuma." Kristina aliinama kwa aibu, na watu wakadhani ni unyenyekevu mwingine.

Jambo la pili ni wageni. Zamani tukitembelewa na wake za makarani, Kristina aliwazungusha mjini. Sasa anawakaribisha chai ndani ya motokaa, pale pale bandani. Wanaingia, wanafunga milango, wanakunywa chai na kuangalia ukuta. Mke wa karani wa posta alimwambia kwamba mwendo wake ni mtulivu sana.

Mwambie Mama mwezi ujao.

Kaka yako,
Efraimu


Makambako,
9 Oktoba 1955

Kaka,

Kamwene. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Siku hizi naamka mapema kuwasha moto, napika, nagawa, naosha, na jioni naenda mwenyewe kununua mahindi. Mama ananisaidia. Wali wake madereva hawaupendi, lakini wanampenda yeye, wanakaa hata wakishamaliza kula.

Mwezi ujao uliouahidi ulikuja ukapita. Kristofa anasema barabara ni kavu, mtu anaweza kuviringisha yai kutoka Njombe mpaka hapa. Mama ameniambia nikuandikie maneno yake kama yalivyo, nisiongeze wala kupunguza. Haya:

"Efraimu mwanangu, hicho chuma kinatoka Dar es Salaam au kinatoka Ulaya kwa miguu? Nilikuzaa wakati wa njaa ya vita, baba yako amechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Sikungoja chuma. Mimi Mama yako."

Alipomaliza nilimuuliza kama nitie na salamu. Akasema salamu utazikuta hapa hapa, ukija.

Dada yako,
Ema


Njombe,
6 Novemba 1955

Mdogo wangu Ema,

Maneno ya Mama yamenifikia, na niliyasoma nimesimama. Nyumbani hatujambo. Kikohozi cha Kristina kimepona, labda kwa kutembea.

Nikueleze ukweli kuhusu motokaa. Chuma kimefika, shida si chuma tena. Ni kwamba Serikali, kwa kuona jinsi nilivyojitolea barabarani miaka yote hii, imeniomba nami nipumzike kuendesha. Ni jambo la muda. Hakimu alilisema kwa upole.

Unajua, Ema, nilikuwa sijui kwamba katika mji huu kuna watu wengi hivi. Nilipokuwa kwenye motokaa niliwaona wakirukia majani, basi. Sasa kutoka nyumbani hadi dukani ni safari ya salamu. Mzee huyu ameumwa, yule amepata mjukuu, mwingine ananieleza juu ya ng'ombe wake mpaka jua linakuwa kali. Nikifika dukani nimejua habari za kila boma. Cha ajabu, khanga za njano zimekwisha. Mwanamke mmoja niliyemsalimu njiani alinifuata akanunua, kisha wenzake wakaja. Aliniambia zamani aliogopa kuingia dukani kwa mtu anayepiga honi.

Rafiki yangu Tarsis, aliyekuwa akikaa kiti cha mbele kila Jumamosi na kunisimulia jinsi tunavyopendana kuliko ndugu, sijamwona tangu Julai. Nasikia karani wa Bwana Shamba amenunua pikipiki yenye kiti cha pembeni, na Tarsis ameenea humo.

Sasa nami nina swali. Katika barua yako ya Julai Anania alinisalimu sana. Katika ya Oktoba hakunisalimu hata kidogo, na mahindi unakwenda kununua mwenyewe. Shemeji hajambo?

Kaka yako,
Efraimu


Makambako,
27 Novemba 1955

Kaka Efraimu,

Sina nafasi ya salamu. Mama ameondoka leo Jumapili. Nilikwenda kanisani nikamwacha na wateja. Niliporudi kigoda kilikuwa ndani, na mzigo wake haukuwepo. Dereva mmoja wa Mbeya anasema alimkuta amevuka njia panda, anakwenda kwa miguu upande wa Njombe na fimbo. Alimwomba arudi, akakataa. Alimwambia, "Ameshindwa kunifuata, basi nimfuate mimi."

Miguu yake haijapona kiasi hicho. Nami siwezi kufunga hoteli, hakuna wa kumwachia. Barua hii nampa Kristofa, lakini lori lake linapakia mpaka kesho.

Kaka, usinijibu. Njoo.

Ema


Njombe,
11 Desemba 1955

Mdogo wangu Ema,

Kwa neno nililokutumia kupitia Kristofa unajua kwamba Mama yuko kwangu, salama. Sasa nakaa nikueleze yote, kwa kuwa unastahili kuyajua, na kwa kuwa Mama amesema nisipoyaandika mimi atayasema yeye kwa namna yake.

Kristofa aliniletea barua yako Jumatatu jioni. Alikuwa amempita Mama kabla ya Mtwango na kusimamisha lori. Alimwambia, "Mama, leo panda, mwanao ana kazi." Mama akamwambia, "Mpelekee barua. Mimi namngoja yeye." Baada ya hapo mvua ikashuka, ile mvua ya kwanza, ya kelele. Asubuhi barabara ilifungwa kwa malori yote.

Nilitoka nje nikaiangalia motokaa bandani. Nadhani niliiangalia muda mrefu. Kristina akaja nyuma yangu amevua viatu vyake vya kisigino na kuvaa vya Fidelia vya shule. Alikuwa na mwavuli na viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa. Akaniuliza, "Unangoja ikuage?"

Tukaenda. Tulipita katikati ya mji, barabara kuu, mchana, kila mtu akituona. Ema, tope la barabara ile ukiwa ndani ya motokaa unalisikia kama sauti tu. Kristina aliteleza akaangukia goti, nikaogopa kumtazama, nikasikia anacheka. Sijui lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo. Tulilala kwa familia moja njiani, watu tusiowajua. Walituwashia moto na kutupa uji wa ulezi, wala hawakuuliza tuna nini na tumetoka wapi.

Tulimkuta Mama kesho yake, Mtwango, kwenye nyumba ya mwalimu wa dini anayeitwa Gideoni. Alikuwa amekaa barazani na miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto. Imevimba. Alituona toka mbali, tukiwa na tope mpaka magotini, lakini hakuinuka wala kupunga mkono.

Nikamwambia, "Kamwene, Mama."

"Kamwene. Motokaa iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nikasema, "Mama, nimenyang'anywa leseni. Nilikuwa narudi nyuma ili niegeshe karibu na gari la Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa Bomani, wageni wanione, nikaugonga mlingoti wa bendera. Ukaanguka. Bendera ikawafunika wapiga tarumbeta."

"Wakafanyaje?"

"Wakaendelea kupiga, Mama, humo humo ndani."

Mama akatikisa maji kwa kidole cha mguu. "Habari hiyo niliisikia Juni, kabla ya barua yako. Madereva wote wa Makambako wanaijua. Kuna mmoja anaiigiza, akiwa na sufuria kichwani."

"Sasa kwa nini uliningoja na motokaa, kama ulijua?"

"Nilikungoja wewe," akasema. "Motokaa ulikuwa unaisema wewe kwenye barua. Mimi nilikuwa nakaa pale kila Jumamosi ninasema moyoni, leo labda atakuja juu ya lori, leo labda kwa baiskeli. Nikaona miezi inakwisha. Nikafikiri, mwanangu huyu leseni aliyonyang'anywa ni ya motokaa, au ni ya kutembea pia?"

Kristina alipiga magoti akamkanda miguu. Mimi nilisimama. Ema, mimi ni mtu mzima, nina duka, huwa naalikwa Bomani. Nililia kwenye uwanja wa mtu nisiyemjua, kuku wake wakinizunguka.

Mwalimu Gideoni alituazima baiskeli. Tulimkalisha Mama kwenye kiti cha nyuma, tukamfunga kwa shuka, mimi nikasukuma na Kristina akabeba mzigo kichwani. Ilituchukua siku za kutosha, kwa maana kila penye nyumba Mama alitaka kusimama awaambie watu kwamba huyu ndiye mwanawe na huyu ndiye mkwewe. Tulipoingia Njombe, Kristina alitaka tuzunguke nyuma ya miwati. Mama akakataa, akataka kupita Bomani. Mbele ya mlingoti mpya akaniambia nisimame. Akautazama kutoka chini hadi juu, polepole, askari wa zamu akitutazama sisi.

"Huu ni mrefu zaidi," akasema. "Umewasaidia."

Sasa yuko hapa. Nimefungua kiti cha nyuma cha motokaa nikakiweka barazani, anakalia hicho. Jumapili tunakwenda kanisani kwa miguu tukiwa naye katikati, na kwa sababu anakwenda polepole tunaingia wimbo wa pili, mlango wa mbele. Leseni yangu itarudi Juni. Fidelia ameniuliza kama nitaendesha tena. Nilimwambia sijui, na ni kweli sijui. Kuku mweupe ametaga kwenye kiti cha dereva, sikumfukuza.

Nilimuuliza Mama juu ya Anania. Akasema, "Muulize mwenyewe, na umuulize vizuri, kwa sababu dada yako na wewe mmetoka tumbo moja." Basi nakuuliza vizuri. Mimi nimekwisha kukueleza yangu, hata ya tarumbeta.

Kaka yako anayekupenda,
Efraimu


Makambako,
8 Januari 1956

Kaka yangu,

Kamwene, na mwaka mpya uwe mwema kwenu, kwa wifi, kwa Fidelia, na kwa Mama hapo barazani. Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu jikoni, nikacheka mpaka maharage yakaungua. Halafu nikaacha kucheka.

Anania aliondoka Julai, siku chache baada ya ile barua yenye salamu zake nyingi. Zile salamu niliziandika mimi, yeye alikuwa anafunga sanduku. Alisema anakwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya kusini, kama wengine. Wengine waliaga wake zao na kuacha anwani. Kristofa alimwona Tunduma, hakuwa peke yake. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilikuchukia, Kaka, ulipokuwa unaniandikia habari za chuma. Nilisema, mtu huyu ananidanganya kwa sababu ya motokaa. Kumbe kila jioni nilikuwa nawaambia wateja kwamba mwenye hoteli amekwenda Iringa kununua sukari. Tangu Julai! Sukari gani hiyo? Hakuna dereva hata mmoja aliyeniuliza. Walikuwa wananiletea kuni na kusema zimebaki kwenye lori.

Ndiyo maana Mama alikaa. Alisema anakungoja wewe, na ni kweli alikungoja, lakini usiku tulilala kitanda kimoja, wala hakunitajia jina la Anania hata siku moja. Nadhani ulipoahirisha mimi nilifurahi kidogo. Wiki aliyoondoka aliniambia, "Ema, sasa unaweza kuwasha moto bila mimi." Nilidhani anazungumzia kuni.

Usije kwa kunihurumia. Njoo siku ya soko, pamoja na wifi, mje kunisaidia kugawa chakula, maana watu wanazidi na mikono yangu ni miwili.

Jana nimemwita fundi rangi. Pale juu ya mlango, kama unavyokumbuka, paliandikwa Hoteli ya Anania, ingawa hajawahi kupika hata yai. Fundi alipanda ngazi, akafuta, akaniuliza tuandike nini. Madereva walikuwa wamekaa pale nje wanakula, Kristofa akiwa mmoja wao, wote wakanitazama na matonge mkononi.

Nikamwambia aandike Hoteli ya Ema. Akasema jina ni fupi, nafasi itabaki. Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa.

Dada yako,
Ema